Unyayo wa Fundi Chaji

Mtaa mzima ulimjua Fundi Chaji kwa uso wake. Mke wake alimjua kwa unyayo.

Si rahisi kuuona unyayo wa mtu mzima. Ili uuone vizuri, ama yeye awe amelala, ama wewe uwe chini sakafuni naye amesimama juu yako, ameinua mguu. Mke wa Fundi Chaji aliuona mara nyingi zaidi kwa njia hiyo ya pili.

Jioni hiyo kosa lilikuwa chumvi. Mume alionja, akatafuna kidogo, kisha akakiweka kijiko mezani taratibu, bila hata kukigonga kwenye sahani. Mke alipoona kijiko kimewekwa kwa adabu namna ile, aliisogeza stuli yake nyuma kidogo. Fundi Chaji akiwa na hasira ndogo alitupa vitu. Akiwa na hasira kubwa aliviweka chini polepole.

"Hii chumvi umepima na nini? Koleo?"

"Samahani, ngoja niongeze maji."

"Uniongezee maji! Mimi ng'ombe?"

Kofi la kwanza lilimtoa kwenye stuli. La pili hakulisikia vizuri kwa sababu sikio lilikuwa bado linalia kwa lile la kwanza. Alianguka kwa ubavu, akajikunja, na mikono yake ikakimbilia tumboni. Mikono ilikuwa imezoea hivyo. Tumboni hapakuwa na kitu cha kulindwa tangu mwaka uliopita, lakini mikono ilikuwa haijapata habari hiyo.

Fundi Chaji alikuwa mtu msafi. Buti za kazini alizivua mlangoni ili asichafue sakafu, kwa hiyo yote aliyoyafanya ndani ya nyumba aliyafanya peku. Mguu wake wa kulia ulipanda juu, ukasimama sekunde moja kati ya macho ya mkewe na taa ya dari, na mkewe akaliona tena lile doa. Lilikuwa kisiginoni, upande wa ndani, jeusi, na pembezoni mwake kulikuwa na kahawia iliyojichora bila mpangilio.

Limekua, aliwaza.

Kisha mguu ukashuka.

*

Saluni ilikuwa na vioo vitatu, viti vya ususi, na pembeni kabisa, karibu na dirisha, kona ya miguu. Hapo ndipo mke wa Fundi Chaji alipofanya kazi. Alikuwa na beseni, taulo, jiwe la kusugulia na kiti kifupi cha kukalia yeye mwenyewe. Wateja walimwita Dada Pole, kwa sababu hakuweza kugusa mguu wenye ufa au sugu bila kusema "pole". Aliwaambia pole hata waliokuja na miguu mizima. Baadaye jina la Dada likadondoka, akabaki Pole tu.

Siku mbili tatu baada ya chumvi, alikuwa amevaa blauzi ya mikono mirefu na kusema kidogo kuliko kawaida. Kitini kwake alikaa mteja mmoja mnene aliyekuwa akisinzia. Kwenye kiti cha pili alikaa muuguzi wa kliniki ya ngozi, kucha zake zimepakwa rangi mbichi, anasubiri zikauke.

"Jamani, hebu nizungumze nanyi kidogo," alisema muuguzi. "Madamu ameniruhusu. Ninyi mnaona nyayo nyingi kuliko madaktari wote wa hospitali yetu."

"Na harufu yake pia tunaipata sisi," alisema msusi. Wakacheka, hata Madamu mwenye saluni aliyekuwa akijifanya hasikii.

"Ndiyo hivyo. Kwetu mtu anakuja akiwa ameshachelewa. Kwenu anakuja kupendeza, kwa hiyo anakuja mapema. Kuna ugonjwa nataka muujue. Unaitwa melanoma."

"Mela nini?"

"Melanoma."

"Mh! Yaani jina lenyewe limebeba noma," alisema msusi. "Hata kabla hujaumwa, tayari noma."

"Noma kweli. Ni saratani ya ngozi."

"Aa, sista, hiyo si ya watu weupe? Sisi na jua ni ndugu."

"Huo ndio msemo unaotumaliza. Weupe huwapata zaidi, na jua huwachangia sana. Ndugu zetu wenye ualbino nao jua huwaletea saratani za ngozi, ndiyo maana tunawasisitizia kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua. Lakini sisi weusi, hii melanoma hupenda kujificha mahali jua lisipofika. Kwenye unyayo. Kwenye kiganja. Chini ya ukucha. Na kwa kuwa hatuitegemei huko, hatuitazami."

Alitoa simu, akawaonyesha picha moja baada ya nyingine. Doa ambalo nusu moja haifanani na nyingine. Kingo zilizochanika kama karatasi iliyoraruliwa kwa mkono. Weusi na ukahawia na ubluu vimechanganyika mahali pamoja. Ukucha wenye mstari mweusi ulioanza mwembamba kama uzi ukapanuka.

"Kubwa kuliko yote ni kubadilika," alisema. "Doa la kuzaliwa nalo linakaa vile vile. Hili linakua, linawasha, linavuja."

"Na kama mtu amejigonga tu?" aliuliza msusi. "Mbona mimi nikijigonga pananiwia peusi?"

"Damu iliyovilia huondoka. Itabadilika rangi siku hadi siku, mwishowe itatoweka. Hili halitoweki."

Pole hakuhitaji kuambiwa hilo. Katika chumba kile hakukuwa na mtu aliyeyajua mavilio kuliko yeye. Hata kwenye ngozi nyeusi, ukijua pa kutazama, yana safari yake: huanza na wekundu uliojificha, yakawa zambarau, yakaja kijani, halafu njano kama chai ya rangi iliyomwagika, kisha si kitu. Alikuwa nayo ya kila hatua chini ya ile blauzi. Doa la kisigino cha mumewe halikuwahi kuwa njano hata siku moja.

"Mkiona kitu kama hiki," muuguzi aliendelea, "msikate, msichome, msipake dawa ya jirani. Mwambieni mtu aje kikatwe kipande kidogo, kipimwe. Likikamatwa mapema linaondolewa, na mtu anaendelea na maisha yake."

"Likichelewa?" aliuliza Madamu, sasa ameacha kujifanya.

Muuguzi alizitazama kucha zake. "Linatembea. Linaingia kwenye tezi, linaingia kwenye mapafu, kwenye ini. Dawa zipo, lakini hapo kazi inakuwa ngumu sana."

"Pole! We Pole!" mteja mnene alizinduka. "Mbona unanivunja mguu?"

Pole alitazama mikono yake. Ilikuwa imekikaba kisigino cha yule mama kana kwamba kinataka kutoroka.

*

Wazo lile hakulialika, lilikuja lenyewe, likakaa. Lilikuwa wazo la neno moja: nyamaza.

Hakuna ambaye angejua. Kunyamaza ilikuwa kazi aliyoimudu kuliko zote. Alikuwa amenyamaza kwa majirani, kwa Madamu, kwa mama yake mzazi. Angenyamaza mara moja tu zaidi, na mguu ule ungejimaliza wenyewe, bila mtu kuinua hata kidole. Alipika, akapima chumvi kwa kijiko, akanyamaza. Wiki zikapita.

Mchana mmoja alipeleka chakula karakana. Fundi Chaji alitengeneza na kuchaji betri za magari, lakini mtaa ulimpenda kwa jambo jingine. Mwenye sugu, chunjua au kigaga sugu alimwendea, naye akamdondoshea maji ya betri kwa mrija mdogo wa kioo. Aliifanya kazi hiyo bure, kwa sababu aliipenda.

Siku hiyo mpagazi mmoja alikuwa ameweka mguu juu ya betri kuukuu, kofia yake kaikunja na kuitia mdomoni. Asidi ilidondoka. Ngozi ilitoa sauti ndogo kama mafuta ya kikaango, ikaja na harufu. Mpagazi akaunguruma ndani ya kofia, mguu wa pili ukipiga chini kama wa mbuzi aliyeshikwa shingo.

"Vumilia, mwanaume! Inachemka hiyo, inakufa!"

"Kaka, utatuulia mtu hapa tufunge biashara," alisema dada yake Fundi kutoka kwenye kibanda chake cha vocha kilichoegemea karakana. Pole alimwita Wifi, naye alimwita Pole vivyo hivyo. Alikuwa na mdomo mwepesi na moyo uliokuwa upande wa kaka yake siku zote. "Wifi, karibu. Umefuata harufu ya nyama choma?"

Watu wakacheka. Mpagazi alipokwishachechemea kwenda zake, Fundi Chaji alivua buti, akavua soksi, akaukunja mguu wa kulia juu ya goti.

"Na mimi nijitibu. Hili langu ndilo sugu la masugu. Nalichoma, linarudi. Kila nikilichoma, asidi inaliachia weusi."

"Lilikuwa jeusi kabla ya asidi," alisema Pole.

Hakuwa amekusudia. Ilimtoka kama anavyotokwa na "pole".

Mumewe aliinua macho. Mrija wa kioo ulikuwa umejaa mkononi mwake, nao ulimwelekea yeye, usawa wa shavu. "Umesema?"

"Hakuna."

"Wifi naye!" alisema dada mtu. "Siku hizi miguu ya watu imekuwa masomo."

Mrija ukageuka, ukashuka kisiginoni. Fundi Chaji alikaza taya, akatabasamu ili watu wamwone anavyotabasamu. Pole aliona moshi mwembamba ukipanda kutoka kwenye doa, na chini ya moshi, weusi uleule, umekaa pale pale.

*

Jumapili mchana mumewe alilala. Alilala chali, mdomo wazi, mguu wa kulia umening'inia nje ya kitanda. Nzi alitua kisiginoni, akaruka, akarudi.

Pole alichuchumaa. Hakuwahi kulitazama doa hilo likiwa limetulia. Lilikuwa na rangi zote za picha ya muuguzi, na katikati asidi ilikuwa imefungua kidonda kilicholowa. Alimfukuza nzi. Mkono wake ukaushika unyayo kwa chini, kama ulivyoshika nyayo kila siku, na mdomo ukasema, "Pole."

Alishtuka. Alijipekua moyoni kama anatafuta funguo, akitaka kujua kama bado anampenda. Hakukuta kitu. Lakini unyayo ulikuwa unaumwa, na yeye hakujua jinsi ya kuuacha unyayo unaoumwa. Alilia kidogo kwa hasira, kwa sababu alikuwa amekwishaamua kunyamaza.

"Unafanya nini hapo?" Mumewe alikuwa amefumbua macho.

"Hili si sugu," alisema. Alisema haraka, asije akajizuia. "Wala si asidi. Alikuja muuguzi saluni akatufundisha. Inaweza kuwa saratani ya ngozi. Nenda wakakate kipande wapime, tafadhali. Wakiiwahi inatibika."

Fundi Chaji alikaa kitako. Alijifuta uso kwa kiganja, polepole, kwa adabu.

"Saratani."

"Inaweza kuwa. Sijasema ni yenyewe."

"Yaani umekaa hapo, umenitazama nimelala, ukaniagizia saratani."

"Sijaagiza, nimeona..."

Alimshika nywele. Kichwa chake kiligonga mlango wa kabati, kioo cha kabati kikapasuka, na kabla vipande havijamaliza kudondoka kilikuwa kimegonga tena. Akadondoka. Teke la kwanza lilimpata pajani, la pili mbavuni, na kitu ndani yake kikatoa sauti kama kijiti kikavu. La tatu lilimkosa, likapiga chuma cha kitanda.

Fundi Chaji alipiga ukelele. Lakini hakuacha. Alimkanyaga mgongoni, akamkanyaga begani, na kila alipokanyaga pakabaki alama nyekundu ya kisigino. Kwenye saruji pia zilijaa alama hizo, zikizunguka zunguka, kama za mtu aliyecheza ngoma peke yake. Chumba cha jirani redio iliongezwa sauti.

Aliacha mguu ulipomshinda. Aliketi kitandani, akaugeuza unyayo juu, akautazama kama mbwa wake mwenyewe aliyemng'ata. Kisigino kilikuwa kimefunguka, damu inachuruzika hadi vidoleni.

"Umenifanya nini?" alisema. "We mwanamke, umenifanya nini?"

Pole alikuwa chini, shavu kwenye saruji, jino moja limelegea mdomoni. Aliufungua mdomo kutaka kujibu, na neno lililotoka lilikuwa lilelile. Alipojisikia akilitamka, alijiinua kwa mikono, akatambaa hadi mlangoni, akaondoka bila viatu.

*

Madamu hakumuuliza kitu. Alimtandikia godoro chumba cha nyuma cha saluni, kati ya maboksi ya shampuu, akamwambia neno moja: "Usirudi."

Wifi alikuja wiki iliyofuata. Alisimama katikati ya saluni akitafuta maneno, na yeye hakuwa mtu wa kuyatafuta.

"Kaka hawezi kukanyaga," alisema. "Kidonda kinanuka. Kinatoa damu usiku na mchana, nimeosha mashuka nimechoka. Anasema umemroga. Mimi nimekitazama, wifi. Kile si kidonda cha kawaida." Akamtazama usoni, penye uvimbe. "Na wewe? Umeanguka bafuni tena?"

"Ndiyo, wifi. Bafuni."

"Hilo bafu lenu mngelipiga sakafu upya." Lakini sauti yake haikuwa na mzaha ndani. "Twende hospitali. Ukamwambie daktari hayo uliyomwambia kaka. Mimi sikuyaelewa, na yeye hataki kuyarudia."

Pole alikausha mikono kwa taulo. Kisha akamwomba Madamu ruhusa.

Daktari alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani. Alivaa glavu, akaukalisha mguu wa Fundi Chaji juu ya kiti, akautazama kwa lenzi yenye taa. Wifi alikaa karibu na kaka yake, mkoba mapajani. Pole alibaki amesimama mlangoni.

"Hili doa lilianza lini, mzee?"

"Ni asidi hiyo, daktari. Maji ya betri. Nilijichoma kutoa sugu."

"Nimeona asidi. Nauliza kabla yake. Lilikuwaje? Lilikua haraka au polepole?"

"Sasa nani anayetazama unyayo wake mwenyewe?"

"Wachache, kwa bahati mbaya." Daktari aliweka lenzi chini. "Lakini nahitaji kujua. Umelichoma hadi umbo lake limeharibika. Doa lililokaa miaka mingi bila kusogea ni jambo moja, doa linalokimbia ni jambo jingine kabisa. Hakuna aliyewahi kuliona?"

Fundi Chaji alitazama dirishani. Wifi alitikisa kichwa.

"Mimi nililiona," alisema Pole.

Wote watatu waligeuka. Alijishika mbavu, akasema akitazama sakafu, kwa sauti ya chini, hata daktari akalazimika kuinama mbele.

"Siku sukari ilipomwagika, lilikuwa kama punje ya dengu. Jeusi, la duara. Siku niliyochelewa kutoka msibani, lilikuwa kama kifungo cha shati, na upande mmoja lilikuwa limetoa mkia. Halafu siku simu ilipoisha chaji, ule mkia ulikuwa umepanuka, umekuwa kahawia. Asidi alikuwa hajaanza. Siku ya chumvi ndipo nilipoona limefika huku kwenye upinde wa mguu."

Daktari alikuwa ameacha kuandika. "Samahani, dada. Siku hizo zote ulikuwa unamwosha miguu?"

"Hapana," alisema Pole. "Nilikuwa chini."

Nje ya mlango gurudumu la kitanda cha wagonjwa lilipita likilia.

"Huyu mwanamke ana wazimu," alisema Fundi Chaji.

"Na mara ya kwanza kabisa?" aliuliza daktari, kwa upole sana. "Ya kwanza kuliona ilikuwa lini?"

Pole aliinua uso. Hakumtazama daktari wala mumewe. Alimtazama Wifi.

"Siku ile ya mimba, mwaka jana. Lilikuwa nukta tu, kama ya kalamu."

"Siku ulipoanguka bafuni?" alisema Wifi.

"Sikuanguka bafuni, wifi."

Fundi Chaji aliruka kutoka kitini. Alinyakua sinia ya chuma iliyokuwa mezani, makasi na koleo vikamwagika sakafuni, akamrukia mkewe akiwa ameinua ile sinia kwa mikono miwili. Lakini hatua ya kwanza aliikanyaga kwa mguu wa kulia. Mguu ukamshinda, sinia ikamtoka, akaanguka kifudifudi miguuni pa Pole, na kwa mara ya kwanza tangu waoane, yeye ndiye aliyekuwa chini.

Pole aliukunja mguu wake nyuma, asimguse.

Wifi ndiye aliyemfikia kwanza. Alimpiga kaka yake kwa mkoba kichwani, akampiga tena, mkoba ukafunguka, vocha na sarafu zikatawanyika kila upande, naye akaendelea kumpiga kwa mkoba mtupu huku analia. "Nilimwosha damu mimi! Mimi kwa mikono yangu! Nikamwambia awe anavaa ndala zisizoteleza! Ukanitazama tu!"

"Anasema uongo!"

"Basi na doa lako ni la uongo! Nenda nyumbani nalo!"

Walinzi waliingia. Daktari alisaidia kumrudisha Fundi Chaji kitini, akangoja hadi pumzi zake zitulie.

"Mzee, sikiliza," alisema. "Aliyoyasema huyu dada ndiyo niliyoyahitaji. Hili ni doa linalokimbia, siwezi kungoja. Nakata kipande leo hii. Ukikana maneno yake, unanyima mguu wako shahidi pekee ulio naye."

Fundi Chaji aliutazama mguu wake. Taya zilimcheza. Mwishowe akasema, kwa sauti ambayo Pole hakuwahi kuisikia kwake, "Kata."

Daktari alimpapasa kinena kwanza. Vidole vyake vilisimama mahali, vikarudi, vikasimama tena. Pole aliviona.

*

Majibu yalirudi baada ya siku chache kuwa ni melanoma. Walimwondolea kipande kikubwa cha kisigino, wakaziba kwa ngozi ya pajani, wakatoa na tezi za kinena, ambako ugonjwa ulikuwa umekwishafika. Kama ulikuwa umepita hapo na kwenda mbele zaidi, daktari alisema, bado hawajui. Wangekuwa wakimpima. Angeletwa mapema, pengine usingefika kinenani. Sentensi hiyo daktari aliisema kwa Fundi Chaji, lakini ni Pole aliyekwenda nayo, akazihesabu zile wiki za kunyamaza usiku mwingi bila usingizi.

Alikwenda wodini mara moja tu, akiwa na Wifi. Hakuuliza hali. Aliifunua shuka upande wa mguu wa kushoto, akaushika unyayo, akautazama kwenye mwanga wa dirisha: kisigino, upinde, kati ya vidole, kila ukucha.

"Huu mzima," alimwambia Wifi. "Uwe unautazama kila mwezi."

"Utarudi nyumbani?" aliuliza Fundi Chaji, kichwa kwenye mto.

"Hapana."

"Ungenyamaza basi. Ningekufa, ukapumzika."

"Nilijaribu," alisema Pole, akarudisha shuka.

Kituo cha polisi, kushtaki kipigo, Wifi alimsindikiza Pole, na huko akaongea Wifi zaidi kuliko yeye. Karakana nayo akaisimamia Wifi. Yule mpagazi aliporudi na sugu jipya alimkuta amekaa mbele ya mlango, miguu kaitanua kama bondia kwenye kona.

"Nimekuja kuchomwa, dada."

"Hapa tunachaji betri tu. Vua kiatu."

"Si umesema hamchomi?"

"Nimesema uvue kiatu, sijasema nakuchoma. Geuza nione. Haya. Hilo ni sugu la kweli, nenda kwa Pole saluni akalisugue. Na lingekuwa jeusi ningekukimbiza hospitali kwa fimbo."

Jioni moja, jua bado halijazama, Wifi alifika kwenye chumba kipya cha Pole na mfuko wa nguo zilizokuwa zimebaki kwa kaka yake. Kilikuwa chumba kidogo chenye kitanda, ndoo, na kioo cha zamani alichopewa na Madamu. Walikunja nguo bila kuongea.

"Sijui nikuiteje sasa," alisema Wifi.

"Niite wifi tu. Nimeshazoea." Pole alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Nina ombi. Nimejitazama nyayo, viganja, kucha, kila mahali. Yule sista wa kliniki alisema na mgongo pia. Mgongo siuoni."

Alimgeuzia mgongo, akavua blauzi. Alisikia pumzi ya Wifi ikikatika.

"Tazama tu," alisema Pole. "Usiseme pole. Niambie rangi."

Wifi alisogea karibu na dirisha, akamgeuza mabega kwenye mwanga. Kidole chake kilikuwa baridi.

"Hapa begani kuna nukta nyeusi. Ndogo. Ya duara."

"Hiyo nimezaliwa nayo. Mama aliijua. Imekuwa kubwa?"

"Kama kichwa cha pini."

"Basi ni ileile. Endelea."

Kidole kilishuka, kikafika chini ya mbavu, kikasimama. Palikuwa na umbo la kisigino.

"Na hii?" alisema Pole.

"Hii..." Wifi alijifuta macho kwa kiwiko, akainama atazame vizuri. "Ilikuwa kijani nafikiri. Kingo bado zina kijani kidogo. Lakini katikati imekuwa njano, wifi. Njano kabisa."